Uko sawa? Niko sawa

"Samahani, aunti. Huyu mtu si alifaa kuwa upande ule?"

Nilimsikia, ila sikumwelewa. Macho yangu yalikuwa kwa Fundi, aliyekuwa ameshaiacha ardhi kama kimo cha mtu na nusu, mguu wa kulia kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, vidole vya mkono wa kushoto vikitafuta ufa. Kamba ilipanda kutoka kwangu hadi juu kabisa, ikapita kwenye nanga tuliyoifunga asubuhi, ikateremka hadi kiunoni kwake. Jumapili, saa nne, Lukenya. Jua lilikuwa bado lina huruma, na upepo ulikuja na vumbi la tambarare za Athi.

Mtu gani tena? Nilidhani anamsema Fundi, kwamba amekosea njia.

"Mtu yupi?"

"Huyu aliyechorwa."

Alinyoosha kidole bila kugusa. Msichana wa miaka 15, amekuja na mjomba wake, siku yake ya kwanza kuuona mwamba kwa karibu.

Ubavuni mwa Grigri, kifaa cha kuikamata kamba kilichokuwa kiunoni mwangu, kuna michoro miwili midogo: mtu anayepanda, na mkono. Kamba ya mpandaji itokee upande wa yule mtu. Kamba ya mshikaji, yule anayebaki chini akimzuia mpandaji asianguke, itokee upande wa mkono. Basi. Nikainamisha macho. Mtu alikuwa upande wangu. Mkono ulikuwa upande wa Fundi.

Nilikuwa nimeitia kamba kinyume.

"Fundi, shuka."

"Nimeshika!" akajibu kutoka juu, amechangamka kabisa.

"Shuka! Teremka! Polepole, kwa mikono yako. Usiiegemee kamba."

Akateremka. Akakitazama kifaa, akanitazama mimi, akakifungua, akaigeuza kamba, akakifunga, akapanda tena. Hakusema neno.

Kuna jambo moja sijalitaja. Somo la ile michoro, yule msichana alikuwa amelipata nusu saa tu kabla ya hapo.

Nilimfundisha mimi.

## Kisa kisicho na kisa

Hakuna aliyeumia. Hakuna hata mchubuko. Tulipanda hadi saa nane, tukala mahindi na chai ya chupa, tukakunja kamba, tukarudi Nairobi. Ndiyo maana nimechukua wiki saba kuandika haya. Kila nilipokaa kuandika nilijiuliza: nitawaambia nini watu? Kwamba siku moja nusura nikosee? Kila mtu nusura akosee, kila siku, hasa anayevuka Mombasa Road kwa miguu.

Njiani Fundi alizungumza habari za gia ya Probox ya mteja mmoja asiyelipa. Kuanzia Athi River hadi Mlolongo, gia. Mimi nilikuwa nikingoja aseme jambo lile. Hakulisema. Alinishusha karibu na nyumbani, akapiga honi mara mbili kama kawaida yake, akaenda.

Usiku nikaanza kuhesabu. Kifaa kikitiwa kamba kinyume, hakikamati. Fundi ana kilo 84, mimi 57. Kama mguu wake ungeteleza akiwa juu kabisa, kilichobaki kati yake na mawe ya chini ni mkono wangu wa kulia na msuguano kidogo. Labda ningemshika. Nimejiambia "labda ningemshika" mara nyingi sana.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Kutia kamba kinyume ni kosa la mkono, na mkono hukosea. Kilichoniganda ni kwamba tulikuwa tumekaguana. Nakumbuka vizuri kabisa. Fundi alisimama mbele yangu, akajipangusa chaki mapajani, akauliza, "Uko sawa?"

"Niko sawa. Wewe?"

"Sawa."

Akageukia mwamba.

## Hirizi

Wasomaji wangu wa Kongo watacheka, kwa sababu wanalijua neno lenyewe. Grigri ni hirizi. Ni neno linalotumika Afrika ya Magharibi na ya Kati wanakozungumza Kifaransa, na kampuni ya Petzl ya Ufaransa ilipotoa kifaa chake mwaka 1991 ikakibandika jina hilo: kitu unachokivaa kiunoni kikuepushe na mabaya. Nadhani waliona ni jina la kupendeza. Sijui kama walijiuliza mtu aliyelelewa na bibi mwenye hirizi atalichukuliaje.

Bibi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, alimshonea kaka yangu hirizi ya kitambaa cheusi, ikafungwa mkononi juu ya kiwiko. Kaka alikuwa na miaka tisa na hajui kutembea, anajua kukimbia tu. Mwaka ule ule akaanguka kutoka kwenye mkwaju, akavunjika mkono. Mkono ule ule wenye hirizi. Sisi watoto tukamwendea bibi na ushahidi wetu. Bibi akatutazama kwa huruma, kama watu wasiojua hesabu. "Mngemzika," akasema. "Hirizi ndiyo iliyofanya avunjike mkono tu."

Huwezi kubishana na hirizi. Ukipona, imefanya kazi. Ukiumia, ingekuwa vibaya zaidi. Hakuna siku itakayokuja kukwambia kwamba haifanyi kitu.

Sasa nifikirie mimi na Grigri yangu, miaka sita. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachozunguka. Kamba ikipita taratibu, kinaiachia. Ikivutwa ghafla, kinageuka na kuibana. Ni kama mkanda wa kiti cha gari: ukiuvuta polepole unakuja, ukiunyakua unagoma. (Nasema gari la mtu binafsi. Mkanda wa matatu wengi tunaufahamu, ule hugoma daima au haugomi kabisa.) Mtengenezaji mwenyewe anakuonya kwamba mkono usiache kamba ya chini hata mara moja, kifaa kinasaidia tu. Nilisoma. Nikaelewa. Nikawafundisha wengine.

Kisha, siku moja, miaka mingi iliyopita, nikamshika mtu huku nikijikuna mgongo kwa mkono ule ule wa kulia, na alipoanguka kifaa kikamkamata. Siku nyingine nikapokea chupa ya maji. Kikakamata. Kila nilipozembea na kikakamata, sikusema "nimezembea." Nilisema, "Ona kinavyofanya kazi."

Bibi yangu angenielewa.

## Kurudi kwenye mkono

Wiki ya pili niliiweka Grigri kabatini nikanunua kifaa cha tundu mbili, kile cha kizamani, kisicho na kitu chochote kinachogeuka ndani. Kamba inapinda, inapita kwenye karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, inarudi. Ukiiteremsha kamba kwa mkono, msuguano unamzuia mwenzako. Ukiiachia, humzuii. Hakuna anayekusaidia.

Nilijisikia mwema sana. Nilianza hata kuhubiri. Niliwaambia watu kwamba Januari 1929, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipofika Nelion na kisha Batian, kileleni mwa Mlima Kenya, walikuwa na kamba ya nyuzi za mimea ikipitishwa begani au nyuma ya jiwe, na mikono yao. Kiuno hakikuwa na kifaa chochote. Sikuwaambia kwamba sheria ya zama zile ilikuwa moja tu: anayeongoza asianguke. Kamba ile ingeweza kukatika.

Jumatano tatu mfululizo, kwenye ukuta wa kupandia wa ndani ya jengo, mjini, nilishika watu kwa kile kifaa. Na kweli, mkono haukulala. Nilirudi nyumbani misuli ya kiganja ikiuma kama niliyefua mashuka.

Jumatano ya tatu nilimshika Fundi. Alikuwa sehemu ngumu, amenyamaza, kama anavyonyamaza mtu anayetafuta nguvu. Pembeni yangu wawili walikuwa wakigombana kwa sauti ya chini, jambo la fedha za harusi. Nikasikiliza. Nani alichanga, nani aliahidi. Niliposhtuka, kamba ilikuwa imelegea mbele yangu kama kamba ya kuanikia nguo, karibu mita mbili, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeishika, ndiyo, lakini kwa vidole tu. Kilo 84 juu ya vidole vyangu na harusi ya watu.

Nikaitoa Grigri kabatini.

Sijui nieleze vipi jinsi nilivyovunjika moyo. Nilikuwa nimepata jibu zuri: kifaa kinatufanya wavivu, turudi kwenye mkono. Ni jibu lenye ladha ya wazee. Kumbe mkono nao huzoea. Ningempa mwanangu mwenyewe kifaa gani? Kile kinachokamata. Bila kusita.

Na tena, kuna ajali ambazo hazihusu kifaa hata kidogo. Mei 1989, huko Buoux, Ufaransa, Lynn Hill, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa wapandaji bora wa mashindano duniani, alianza kufunga fundo la kiunoni, akakatizwa, hakulimaliza. Koti lililifunika. Akapanda hadi juu, akaegemea kamba ashushwe, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakapunguza kasi, akapona. Mwaka 1993 alikuwa mtu wa kwanza kuipanda njia ya The Nose, kwenye El Capitan, ukuta mrefu wa mwamba huko California, kwa mikono na miguu bila kujivuta kwa vyuma. Kwa hiyo fundo lile halikufunguka kwa ugeni.

Nimelisoma tukio lile mara nyingi, na kila mara swali langu lilikuwa: alisahauje? Siku hizi swali langu limehamia kwa watu waliokuwa chini. Nawaza kama kuna aliyemwuliza uko sawa.

## Tunaamkiana

Ilinijia Ijumaa, kazini, mlangoni mwa jengo letu. Mlinzi akanipitishia ile fimbo ya kupimia vyuma, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Ikalia. Ina haki ya kulia, nilikuwa na mkoba umejaa karabina za Jumapili. Mlinzi akatabasamu. "Karibu, madam."

Sikumlaumu. Tunafahamiana. Ile fimbo haikuwa ikinikagua, ilikuwa ikinisalimu.

Nikapanda ngazi nikiwaza: na mimi na Fundi?

Sisi ni watu wa salamu. Hujambo, sijambo. Mtu ana homa imempanda kichwani, macho mekundu, atakujibu sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Nzuri kabisa, ila tu mzee tulimzika Jumanne. "Nzuri" inatangulia, msiba unafuata. Si uongo, ni mlango. Mgeni akisikia anashangaa, lakini sisi tunajua kwamba anayeuliza habari hatafuti habari; anatengeneza mahali pa kukaa kabla ya mazungumzo. Nami nilipomwamkia bibi shikamoo, miaka yote ile, sikuwahi kumshika mguu hata siku moja, na yeye hakuwahi kuinama kutazama kama nimeushika. Marahaba, mwanangu.

"Uko sawa?" ni salamu.

Lina jibu moja tu. Jaribu kulijibu vingine uone. Fundi aniulize uko sawa, nimwambie, "Subiri kwanza, sijui." Atadhani tumegombana. Tulikuwa na swali la usalama ambalo adabu ilikuwa imeshalijibu kabla halijaulizwa, na tulilirudia kila Jumapili kwa miaka minne. Kadiri tulivyozidi kupendana kama ndugu, ndivyo lilivyozidi kuwa tamu na tupu.

Na ile salamu ilifanya kazi yake vizuri, nisiibeze. Nilikuwa nikitulia kila nikiisikia. Hirizi nyingine.

## Alivyojua tangu mwanzo

Nilimtafuta yule msichana kupitia mjomba wake. Nilitaka kumshukuru; sikumshukuru siku ile, nilikuwa nimejaa aibu. Akaja kwenye simu, akaniamkia vizuri.

Nikamwuliza aliona saa ngapi.

Kimya kidogo. "Tangu ulipoitia kamba, aunti."

Yaani kabla Fundi hajauliza uko sawa. Kabla sijajibu. Alisimama pale, hatua mbili, akitazama mchoro uko kinyume na nilivyomwambia, akatusikia tukihakikishiana kwamba tuko sawa, akamwona mtu anaanza kupanda.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilifikiri labda nyinyi mliozoea mna njia yenu."

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu, simu imeshakatika. Mtoto mwenye adabu, aliyelelewa vyema, mama yake anastahili pongezi. Na adabu ile ile ilimgharimu Fundi mita tatu za hewa bila kamba ya maana. Alihitaji samahani, na aunti, na swali lililogeuzwa likawa kama la mtu asiyejua, ili aweze kuniambia kitu alichokuwa anakijua kuliko mimi. Nami nimelelewa hivyo hivyo. Nisingemkosoa mwalimu wangu wa kwanza wa kupanda, aliyenipeleka Hell's Gate kwenye mnara wa Fischer, ule wa mita 25 wenye pimbi wanaokushangaa, hata angevaa mkanda wa kupandia kichwani.

Sikuwa nimemfundisha neno la kusema. Nilimfundisha mtu yuko wapi na mkono uko wapi. Sikumwambia: ukiona viko kinyume, piga kelele, hata ni mimi.

## Jeki

Wiki ya tano nilikwenda gereji kwa Fundi, si kwa ajili ya gari. Alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikazungumza na miguu. Nikasema yote niliyokuwa nayo, kwamba aliniwekea maisha yake mkononi na kamba imegeuka, kwamba yeye hakusema kitu na hilo ndilo linalonila.

Miguu ikanyamaza. Kisha akajivuta nje kwa ubao wake wenye magurudumu, uso mweusi kwa oili.

"Mimi nilikuangalia uso, dada."

Sikumwelewa.

"Siku ile. Nilikuuliza uko sawa nikaangalia uso wako. Uso ulikuwa sawa. Sikuangalia mikono." Akapangusa spana. "Kwa hivyo hiyo makosa si yako peke yako. Nilinyamaza kwa gari kwa sababu nilikuwa najisikia mjinga. Ningekwambia nini, umekosea, na mimi nilisimama hapo mbele nikapita?"

Wiki tano. Kila mmoja na mzigo wake, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye amekasirika.

Kisha akanionyesha. Ile pikapu ilikuwa juu ya stendi nne za chuma, na jeki pembeni, imeshushwa. Fundi halali chini ya gari lililosimama kwenye jeki pekee. Kijana aliyejifunza naye kazi alipoteza vidole viwili kwa njia hiyo. Na kabla hajaingia chini anafanya jambo nililoliona mara nyingi bila kulitia maanani: anaiegemea gari kwa nyonga, anaisukuma kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kuiangusha.

"Gari haiwezi kuniambia iko sawa," akasema. "Ndiyo maana naisukuma."

## Mikono

Tuliacha kuulizana. Ni ngumu kuliko unavyodhani. Mara mbili za kwanza Fundi alifungua mdomo akaufunga kama samaki.

Sasa anakuja karibu, na ananivuta mkanda mwenyewe, bizimu kwa bizimu. Mimi namfuatia fundo lenye umbo la nane kwa kidole, kamba mbili zikienda pamoja mwanzo hadi mwisho, na nahakikisha limepita sehemu zote mbili za mkanda na si moja. Yeye anaibana karabina yangu kwa nguvu, maana skurubu ya mlango wake inaweza kuonekana imefungwa na haijafungwa. Kisha sehemu ya kifaa: anaishika kamba ya upande wake, anainyakua kwa ghafla. Kikikamata tunakisikia wote wawili. Kikiteleza, kamba iko kinyume, hata kama michoro imefutika na sote ni vipofu. Jaribio hili limo kwenye karatasi ya maelezo. Lilikuwamo tangu siku ya kwanza. Linachukua muda wa kupiga chafya.

La mwisho ni fundo kwenye ncha ya kamba iliyolala chini. Hapo zamani nililiona ni mbwembwe kwa kuta fupi kama zetu. Mwaka 2016 Alex Honnold, yule ambaye mwaka uliofuata aliipanda El Capitan bila kamba kabisa, karibu mita 900, alianguka akiwa kwenye kamba. Alikuwa akishushwa na mpenzi wake, kwa Grigri, huko Index, jimbo la Washington, kwenye njia ya kupashia mwili joto. Kamba ilikuwa fupi, ncha haikuwa na fundo, ikapita kwenye kifaa ikaisha. Pingili mbili za uti wa mgongo zikabonyea. Kifaa hakikuharibika. Kilikuwa tu hakina cha kushika.

Tumebadilisha na maneno, na hili nawashauri wote wanaopanda kwa Kiswahili. Mnakumbuka nilisema shuka, Fundi akasikia shika? Irabu moja. Moja inamaanisha nizuie, nyingine teremka, na kwenye upepo wa Lukenya masikio hayatofautishi. Nishike, nishushe, ni vilevile. Miaka yote tulikuwa tukipigiana kelele kwa maneno mawili yanayofanana yenye maana zinazopingana, na hatukuona ajabu. Sasa tunasema kaza, tunasema legeza, na anayetaka kushushwa anataja jina kwanza: Fundi, niteremshe. Wakati kuna watu wengine mwambani jina linasaidia. Kila mtu ana mtu anayemwambia amteremshe.

Vijana wa ukuta wa ndani wanatucheka. Mmoja alisema tunapekuana kama askari wa jela. Sawa.

Sitadanganya kwamba imetulia. Jumapili iliyopita Fundi alishika fundo langu, akalivuta, akahamia kwenye bizimu, na wakati wote huo alikuwa akinisimulia bao la dakika za mwisho lililompotezea dau lake. Mkono ulikuwa pale. Yeye alikuwa uwanjani. Nikamwangalia, akaniangalia, akaacha bao katikati.

"Tuanze tena," akasema.

Tukaanza tena. Bao hakulimalizia, na bado sijajua dau lilikuwa kiasi gani.

## Jana

Msichana alirudi jana, na mjomba wake. Nimemwomba anishike kamba. Fundi alisimama nyuma yake, ameishika ile ya chini kwa mikono miwili kama akiba, akijitahidi asiseme kitu.

"Samahani, aunti," akaanza.

Akasita. Akanishika mkanda, akauvuta upande mmoja, akauvuta upande wa pili, nguvu za kutosha kunisogeza. Akafuata fundo kwa kidole, midomo ikicheza kama anayesoma sura kimoyomoyo. Alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo. Nyuma yetu watu watatu walikuwa wakingoja ile njia, mmoja akatazama saa. Msichana hakumtazama. Akanionyesha kifaa chake.

"Vuta, aunti."

Nikanyakua kamba. Ikakwama, *tak*.

"Mtu yuko upande wako," akasema. "Mkono uko upande wangu."

Nikapanda. Mahali pale ambapo Fundi alikuwa nilipomwambia shuka, kwenye ule ukingo mwembamba, nilisimama nikatazama chini kati ya miguu yangu, nikitaka kuuona mchoro. Kutoka pale hauonekani. Kinachoonekana ni utosi wa kichwa, mstari wa nywele alizosukwa, na ngumi ya mkono wa kulia.